Keki iliyoishia kwenye droo: Sikukuu za Misri na kalenda zake tatu

"Mtaalamu shikamoo. Mimi ni Mtanzania, Mlutheri, kwetu Moshi, nafundisha chekechea hapa Cairo tangu Septemba. Tarehe 25 Desemba ilikuwa Alhamisi, hawakutupa ofu, nikaenda kazini kama kawaida. Ila nikasema Krismasi haiwezi kupita hivihivi, nikaoka keki usiku nikawapelekea walimu wenzangu. Waislamu wote walikula wakanipongeza. Mwenzangu mmoja ni Mkopti, Mkristo mwenzangu, nikamkatia kipande kikubwa kuliko wote. Akashukuru, akakifunga kwenye tishu akakiweka kwenye droo. Hakukionja. Imeniuma mpaka leo. Hivi hawa hawatutambui kama Wakristo? Na kwa nini Krismasi yao ni Januari, walikosea kuhesabu? Halafu mume wangu anataka kuja mwaka huu, ana karatasi za kugonga mihuri ofisini, nikiulizia holidei kila mtu ananitajia tarehe zake. Na majirani wameshaanza kunialika sherehe ya Sham el-Nessim, kula samaki wa chumvi, ila rafiki yangu Mwislamu wa kwetu ananiambia nisiende, eti ushirikina. Nisaidie."

Marahaba dada yangu, na pole. Nimesoma swali lako mara mbili, na naona holidei umezitaja kwa sababu ya mume, ila kinachokuuma ni ile droo. Kwahiyo tuanze na droo.

Mwenzako alikuwa amefunga. Basi. Wakopti, yaani Wakristo wa asili wa Misri, wanafunga kabla ya Krismasi siku 43, kuanzia 25 Novemba mpaka usiku wa 6 Januari, na kufunga kwao sio kama tulivyozoea kusikia kwetu. Wengi wanakaa bila kula mpaka saa fulani ya mchana, halafu wakila hawagusi kitu chochote kilichotoka kwa mnyama: nyama, maziwa, jibini, siagi, mayai, vyote hakuna. Samaki anaruhusiwa kwenye mfungo huu wa Krismasi, ila kwenye Kwaresima yao hata samaki hapana. Sasa keki yako ilikuwa na nini? Mayai na siagi bila shaka, na ulivyoipenda hiyo siku labda na maziwa juu. Ulimpa kitu ambacho hakuweza kukila kwa siku 12 zaidi.

Utauliza, si angesema tu? Hapo ndipo wengi wanapokwama. Misri kukataa chakula ulichopewa kwa mkono ni jambo zito, mtu anaona bora apokee ashukuru kuliko kusema hapana. Na upande wa pili, Mkopti aliyelelewa vizuri hatangazi mfungo wake. Wewe Mlutheri hayo maneno unayajua, Mathayo sura ya 6, ufungapo jipake mafuta kichwani, unawe uso, watu wasijue kwamba umefunga. Kwahiyo mwenzako alikuwa katikati ya adabu mbili, ya kutomvunja moyo mgeni na ya kutojionyesha, na ile tishu ndiyo njia aliyoipata. Mtu anayekudharau hakifungi kipande chako vizuri, anakiacha kwenye sahani.

Mimi niliishi Cairo miaka sita nikisoma historia ya dini, na kosa kama lako nililifanya mwaka wa kwanza, ila mimi nilipeleka mandazi ya maziwa Jumatano. Jumatano na Ijumaa nazo wanafunga karibu mwaka mzima, isipokuwa zile siku 50 za baada ya Pasaka. Ukizijumlisha siku zote za mifungo inapita nusu ya mwaka, wenyewe wanasema zaidi ya siku 200. Mama mwenye nyumba alinipokea mandazi yangu kwa mikono miwili akanibusu shavuni, kesho yake nikayakuta kwa watoto wa bawabu. Nilinuna wiki nzima mpaka mwanae akanifafanulia.

Sasa hilo la kutambuliwa. Nitakwambia ukweli wote: kanisa la Kikopti la Orthodoksi halitakupa komunio yao, na hilo usilichukulie kama tusi, ni msimamo wa kanisa na unawahusu wote wasio wa ushirika wao. Ila hilo ni la altareni. Kwenye meza ya staff room hakuna aliyekuwa anapima Ulutheri wako. Kama unatafuta mahali pa kusali, Misri ina makanisa ya Kiinjili ya muda mrefu tu, misheni ya Wapresbiteri wa Marekani ilianza huko 1854, na kanisa la Kasr el-Dobara karibu na Tahrir linajulikana na kila mtu. Kama kweli upweke wa Krismasi umekushika, nenda kaonane na mchungaji uso kwa uso, hilo mimi siwezi kulimaliza kwa maandishi.

Tuje kwenye tarehe. Hawakukosea kuhesabu. Wakopti wanasherehekea tarehe 29 ya mwezi unaoitwa Kiahk, ambayo kwenye kalenda ya zamani ya Kirumi, ile ya Juliasi, ni 25 Desemba hiyohiyo unayoijua wewe. Ile kalenda ilichukulia mwaka una siku 365 na robo kamili. Mwaka wa jua ni mfupi kidogo kuliko hapo, kama dakika 11 hivi. Dakika 11 hazina maana kwenye maisha ya mtu mmoja, ila zikirundikana karne kwa karne zinakuwa masiku. Mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 akaamua kusahihisha, akafuta siku 10, watu walilala tarehe 4 Oktoba wakaamka tarehe 15. Sasa kanisa la Misri lilikuwa limeshaachana na Roma tangu mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Kalkedoni mwaka 451, huyo papa hakuwa papa wao, wao wana papa wao wa Aleksandria mpaka leo (wa sasa ni Tawadros wa Pili). Wakabaki na hesabu yao. Tofauti imeshakua siku 13, na kwakuwa mwaka 2100 kalenda yetu itaruka siku ya 29 Februari na yao haitaruka, Krismasi yao itahamia 8 Januari kuanzia 2101 kama hawatabadili kitu. Waethiopia nao wako kwenye hesabu hiyohiyo, ndio maana nao ni 7 Januari.

Na hiyo kalenda ya Kikopti sio ya kanisani tu, hapa naomba unisikilize vizuri maana ndio ufunguo wa nchi yenyewe. Ni kalenda ya wakulima wa Nile tangu enzi za mafarao, miezi 12 ya siku thelathini thelathini na kamwezi kadogo cha siku 5 au 6 mwishoni. Miaka yao wanahesabu kuanzia mwaka 284, alipotawazwa Diokletiano, kaisari wa Roma aliyewaua Wakristo wengi, ndio maana wanaiita miaka ya mashahidi. Lakini nenda kijijini muulize mkulima Mwislamu anapanda lini, atakujibu kwa miezi ya Kikopti. Mwezi wa Toba ni wa baridi, Amshir ni wa pepo na dhoruba, Baramhat nenda shambani ukalete, wanavyosema wenyewe. Mzee anayeswali swala tano anakutajia Amshir kama wazee wetu wa pwani wanavyotaja kaskazi na kusi. Hata mwaka mpya wa Kikopti, 11 Septemba, unaitwa Nairuz. Neno hilo tunalo, Nairuzi, siku ya mwaka wa jua, wa Makunduchi wanaielewa vizuri sana.

Kwahiyo Misri ina saa tatu ukutani zote zinatembea. Ya kwanza ni kalenda ya kawaida, serikali iliichukua mwaka 1875, na humo kuna siku za taifa: 25 Januari (polisi na mapinduzi ya 2011), 25 Aprili (kurudishwa Sinai 1982), Mei Mosi, 30 Juni, 23 Julai (mapinduzi ya 1952), 6 Oktoba (vita ya 1973). Ya pili ni ya mwezi mwandamo: Idi zote mbili, mwaka mpya wa Hijria na Maulidi. Ya tatu ni hiyo ya Kikopti. Kila mtu anakutajia tarehe zake kwa sababu kila mtu anaangalia saa moja.

Lakini kuna jambo lingine linalowachanganya wageni zaidi ya tarehe, nalo ni nani anapumzika. Tarehe 7 Januari ni holidei ya wote, Mwislamu na Mkristo, na hiyo haikuwepo zamani, ilianza kupumzikwa kitaifa 2003. Idi ni za wote. Ila Jumapili ya Pasaka sio holidei ya nchi! Wikiendi ya huko ni Ijumaa na Jumamosi, Jumapili ni siku ya kazi, kwahiyo siku ya Pasaka kazi zinaendelea kama kawaida, wafanyakazi Wakristo ndio wanapewa ruhusa. Hivyohivyo Jumapili ya Matawi na siku ya Ubatizo. Halafu kesho yake, Jumatatu, nchi nzima inafungwa kwa ajili ya Sham el-Nessim. Na 25 Desemba yako sio holidei ya nchi, ndio maana hukupewa ofu, shule haikukuonea. Ukitaka mwaka ujao kaa na mwajiri mapema, omba siku moja ya likizo yako ya mwaka, na soma mkataba wako unasemaje kuhusu kufanya kazi siku za sikukuu rasmi maana sheria ya kazi ya huko inataka anayefanyishwa kazi siku hizo afidiwe. Hilo ulijadili na HR ana kwa ana, mkataba uko mezani, usiende na maneno ya mtandaoni hata yangu.

Na usiamini kalenda ya ukutani kwa asilimia mia. Serikali ina tabia ya kuhamisha siku za taifa zinazoangukia katikati ya wiki kuzipeleka Alhamisi, ili watu wapate siku tatu mfululizo. Mwaka 2021 tarehe 6 Oktoba ilikuwa Jumatano, watu wakapumzika Alhamisi tarehe 7. Tangazo linatoka kwa waziri mkuu, mara nyingi siku chache tu kabla. Idi nazo zinasubiri mwezi, Dar al-Ifta, ofisi ya fatwa ya huko, ndio wanatangaza jioni ya tarehe 29 ya mwezi mwandamo, unaweza kulala hujui kesho ni kufunga au ni kula. Huko hata daktari anakupa apointimenti akisema "kama haitakuwa Idi".

Haya, mume. Mwaka huu wa 2026 una jambo zuri ambalo halitokei kila mwaka. Kwaresima ya Wakopti, siku 55, inaanza Jumatatu 16 Februari, na Ramadhani inategemewa tarehe 18 au 19 Februari. Yaani wiki moja! Nchi karibu nzima itakuwa imefunga kwa pamoja, na neno ni moja, mwanamke akikwambia "ana sayma", nimefunga, hujui ni Mwislamu au Mkristo mpaka umwone anafuturu nini. Idi el-Fitri itaangukia kama 20 Machi, Pasaka ya Kikopti ni 12 Aprili (yako wewe ni 5 Aprili), Sham el-Nessim 13 Aprili, Idi kubwa mwishoni mwa Mei.

Kama shida ni mihuri, asije Ramadhani. Ofisi zinafanya kazi masaa machache, mtu wa kugonga muhuri yupo ila akili iko kwenye futari, na hapo simlaumu. Asije pia wiki ya Idi yoyote, hasa ile kubwa, maana wafanyakazi wengi wa Cairo wanarudi kwao Misri ya juu, yaani kusini, na baadhi ya maduka na mafundi hawaonekani wiki nzima, na treni ndio usiseme. Mimi ningemwambia afike baada ya 13 Aprili, ashughulikie karatasi kati ya hapo na katikati ya Mei. Ubaya wake ni kwamba huo ndio msimu wa upepo wa khamasini, joto na vumbi mpaka kwenye meno, na 25 Aprili na Mei Mosi ziko humohumo, moja Jumamosi na nyingine Ijumaa mwaka huu, kwahiyo hazitamla siku nyingi. Kama shida ni kukuona wewe na karatasi zinaweza kusubiri, basi aje siku kumi za mwisho za Ramadhani akae mpaka Idi. Cairo ya usiku wa Ramadhani sijaona mfano wake, meza za futari barabarani mpita njia yeyote anaketi bila kuulizwa dini. Kwa karatasi zenyewe, pigeni simu ubalozi wetu hapo Cairo kabla hajakata tiketi, muulize ni siku zipi wanafunga wao, maana ubalozi una holidei za nchi mbili.

Sasa Sham el-Nessim. Maana yake kwa Kiarabu ni kunusa upepo mwanana, sisi tungesema tu kupunga upepo, na ndicho watu wanachofanya, alfajiri familia nzima iko kwenye majani kando ya Nile na vitunguu vya majani, mayai ya kupakwa rangi, saladi, na samaki. Ni sherehe ya majira ya kuchipua, ya kale kuliko kanisa na kuliko msikiti. Iliwekwa Jumatatu baada ya Pasaka kwa sababu inayoeleweka kabisa: Wamisri walipokuwa Wakristo, sherehe ya samaki na mayai ilikuwa inaangukia ndani ya Kwaresima, na kwenye Kwaresima samaki na mayai ni mwiko, wakaisogeza mbele mpaka mfungo uishe. Walipokuja kusilimu wengi wao, sherehe ikabaki palepale. Mwaka 2021, 2022 na 2023 iliangukia ndani ya Ramadhani, Waislamu wengi wakamwacha samaki mpaka Idi. Yaani kila dini imeshawahi kumsubirisha yule samaki.

Rafiki yako usigombane naye. Ni kweli wapo masheikh wanaoikataza, kwa hoja kwamba Waislamu wana Idi mbili, na anayo haki ya kuwafuata kwa upande wake, akitaka kulichimba zaidi aende kwa sheikh anayemwamini. Ila kusema ni ushirikina, wakati mamilioni ya Waislamu wa Misri wanaenda na watoto na hakuna ibada yoyote inayofanyika pale, hilo sio sahihi. Na kwako wewe Mlutheri sioni tatizo lolote. Nenda.

Ila kwenye samaki nitakuwa mkali. Yule wa chumvi anaitwa fisikh, ni jamii ya mkizi, anaachwa mpaka anaanza kuvunda ndipo anazikwa kwenye chumvi majuma kadhaa, na analiwa mbichi. Akitengenezwa vibaya, ndani ya nyama isiyopata hewa anaota bakteria anayetoa sumu ya botulinamu, sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumua. Mwaka 1991 Cairo watu zaidi ya 90 walilazwa kwa ajili ya fisikh wa Sham el-Nessim, na wengine walikufa. Wizara ya afya inatoa onyo kila mwaka. Watu watakwambia ndimu na siki inaua kila kitu, sio kweli, na huwezi kumjua mwenye sumu kwa harufu maana wote wananuka. Mimi sio daktari, nakwambia ninachokijua: kuna mwenzake anaitwa ringa, samaki wa moshi, huyo unaweza kumpitisha kwenye moto kabla ya kumla, kula huyo ukiwa na vitunguu vyako na hakuna atakayekusema. Kama una mimba au mtu analeta mtoto, fisikh asiguswe kabisa. Na mtu yeyote aliyekula, iwe masaa machache baadaye au siku kadhaa, akianza kuona vitu viwiliviwili, kope zinashuka, mdomo unakauka, kumeza kunakuwa shida, msimpe maziwa wala dawa ya kienyeji, mkimbizeni hospitali muda huohuo mkaseme neno fisikh mlangoni. Dawa ya kupambana na hiyo sumu ipo hospitalini, na inafanya kazi vizuri ikiwahi.

Nimalizie na mwenzako wa droo. Tarehe 19 Januari Wakopti wana sikukuu ya Ubatizo, wanaiita Ghitas, na chakula chake kitakushangaza: magimbi. Magimbi kabisa kama ya kwenu Moshi, na miwa. Wanasema gimbi bichi linawasha mpaka lipite majini, kama mtu anavyopita kwenye maji ya ubatizo. Muulize anapika vipi, mwambie kwenu mnapikaje. Nina uhakika mazungumzo hayo yatatoka mbali kuliko kumuuliza kuhusu keki.

Na keki nayo rudia, safari hii ndani ya Kwaresima. Kuna neno utalikuta limebandikwa kwenye mikate na biskuti kila duka, siyami, maana yake kinafaa kwa aliyefunga. Weka unga, sukari, mafuta ya kupikia badala ya siagi, juisi ya machungwa badala ya maziwa na mayai, beking pauda na maganda ya chungwa ya kukwangua. Inaumuka vizuri tu. Ila hao Waislamu waliokula mwanzo nao watakuwa wamefunga, kwahiyo wao wakatie vipande uwafungie kwenye tishu waende navyo kufuturu.